Kiraka cha Suwarji

Ukifika ofisi ya kijiji chetu cha Sumberlanggeng, kabla hujamwona karani wala mkuu wa kijiji, utakikanyaga kwanza kiraka cha Suwarji. Kiko pale mlangoni, kwenye baraza yenye umbo la nusu duara: vigae kumi na vinne vyekundu katikati ya vigae vya manjano. Watoto huvirukia wakicheza. Watu wazima huagana, "Basi tukutane kwenye kiraka." Na mwenye kiraka, akiitwa ofisini kwa shughuli yoyote, alikuwa akipitia mlango wa nyuma, kule kwenye banda la pikipiki, miaka ishirini na saba mfululizo.

Alikiweka akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kazi yake ya kwanza kubwa. Ukumbi wenyewe ulikuwa mstatili, akaupigia hesabu barabara. Tatizo lilikuwa baraza ya mbele, upana mita mbili, kina mita moja. Suwarji akaitazama, akaona kama inachongoka mbele, akaihesabu kama pembetatu: mita moja ya mraba, vigae ishirini na tano. Lakini nusu duara haichongoki. Imenenepa mabegani, na mabega hayo ndiyo yaliyomtia aibu, kwani yalitaka vigae kumi na vinne zaidi. Alipokimbilia kwenye karakana iliyovifyatua alikuta imefungwa, mwenyewe amekufa, wanawe wamefungua duka la redio. Mkuu wa kijiji wa wakati huo akamwambia weka chochote, wageni wanakuja kesho.

Mwingine angeacha ufundi akauze tambi. Suwarji alikwenda kwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye mtu mzima mwenye mke na mtoto, akakaa kwenye kidawati cha watoto akaomba afundishwe duara. Tangu siku hiyo hakutembea bila daftari. Sakafu ikiwa na kona za ajabu namna gani, ataikata kwa penseli mpaka ibaki na maumbo anayoyafahamu: hapa mstatili, hapa pembetatu, hapa nusu duara. Atatafuta eneo la kila kipande, atajumlisha, kisha atatoa nguzo, maana chini ya nguzo hakuna anayeswali wala anayelala. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Suwarji akiona kitu cha mviringo, hata sinia la wali, macho yake yalitafuta futi. Hakupungukiwa tena hata kigae kimoja. Ila kijiji hakina kawaida ya kuhesabu sakafu zilizotosha.

Mwaka wa ishirini na saba wa kiraka hicho, barabara kuu mpya ilipangwa kupita juu ya nyumba ya Mbah Karsiyem. Kwetu bibi yeyote ni Mbah, lakini ukisema Mbah tu bila jina, watu hujua ni huyu: miaka themanini na moja, macho yameingia ukungu, ulimi haujaingia chochote. Alimwita Suwarji siku ambayo majirani walikuwa wanamsaidia kuhamisha kabati.

"Ji," alisema, kwa sababu alimjua tangu akiwa uchi, "unaiona sakafu hii?"

"Naiona, Mbah." Alikuwa ameiona tangu alipovuka kizingiti. Vigae vya saruji, sentimita ishirini kwa ishirini, manjano yenye ukingo wa kahawia. Karakana ileile iliyofungwa.

"Nimeipiga deki miaka sitini. Watoto wangu walitambaa hapa. Marehemu mume wangu alilazwa hapa, watu wakamswalia. Barabara ichukue kuta, ichukue na paa, sina neno. Vigae vyangu haitavikanyaga. Ving'oe uvipeleke msikitini."

Alikuwa anasema kimsikiti cha mtaa wetu, kile cha kando ya mfereji, ambacho sakafu yake ilikuwa saruji tupu yenye nyufa.

"Na usinichanganyie na vya dukani," akaongeza. "Nikisimama kuswali Ramadhani hii, nataka nisimame juu ya sakafu yangu. Vitatosha?"

Majirani waliweka kabati chini. Kila mmoja alijua Suwarji anaulizwa nini.

"Nipe siku tatu, Mbah. Niving'oe, nihesabu, nipime."

Aliving'oa kwa mkono, kimoja kimoja, yeye na mkewe Ngatini. Vilivyotoka vizima vilikuwa elfu moja na sabini na tano. Ngatini alivipanga kumi kumi chini ya turubai, kisha akasimama, mkono kiunoni.

"Baba Wulan, rangi ileile kabisa. Chukua kumi na vinne uzibe kiraka chako, nipumzike kuitwa mke wa kiraka."

"Hivi ni amana."

"Ndiyo nasema. Amana ya kumi na vinne."

"Mama Wulan, nitakufukuza kazini."

"Nifukuze, uchanganye saruji mwenyewe."

Kisha Suwarji akaenda kupima kimsikiti. Chumba cha wanaume kilikuwa mstatili, mita sita kwa tano: mita thelathini za mraba, vigae mia saba na hamsini. Mihrabu ilikuwa nusu duara, nusu kipenyo chake mita moja. Aliipigia hesabu mara nne, jasho likimtoka kama anayebeba gunia, akapata vigae arobaini. Upande wa wanawake ulikuwa nyuma ya ukuta wa kusini, mrefu mita sita, lakini mfereji umeukata kwa chini, kwa hiyo mwisho mmoja ulikuwa na upana wa mita mbili na mwingine mita moja. Hapo akachora mstari, upande huu mstatili wa sita kwa moja, upande ule pembetatu, jumla mita tisa za mraba, vigae mia mbili na ishirini na tano. Alijumlisha yote: elfu moja na kumi na tano.

Alimwendea Mbah Karsiyem kwa binti yake alikohamia, akamkuta amekaa na wanawake wa mtaa wanakaanga tempe ya soya.

"Vitatosha, Mbah. Na sitini vitabaki."

"Unasema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Ahadi ni deni, na mashahidi walikuwa saba, wote wenye midomo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu kimsikiti chetu. Wazee walikijenga wakiangalia jua linakotua, kwa imani kwamba Makka iko magharibi moja kwa moja. Baadaye ikajulikana kwamba kibla chetu kimeelekea zaidi kaskazini, na ukuta huwezi kuuzungusha, kwa hiyo watu wakatandika kamba sakafuni na kuswali mshazari. Suwarji mwenyewe ameswali mshazari humo zaidi ya miaka ishirini. Miguu yake haikuhitaji hata kuangalia kamba. Na ndiyo maana, alipoingia na futi yake, alipima kuta, akahesabu vigae vilivyokaa sambamba na kuta, akafunga daftari akaenda zake. Mshazari ule ulikuwa umemwingia mwilini hata hauoni tena. Mgeni kutoka mbali asingelikosea hivyo. Angeingia na kuuliza kwa nini kamba zimepinda.

Zilipobaki siku tano Ramadhani iingie, ikafika ile siku ya Julai ambayo jua husimama juu ya Al-Kaaba. Pak Zuhdi, yaani Bwana Zuhdi anayeshughulikia mambo ya dini kijijini, huwa haiachi ipite. Alichomeka kijiti uani, akatoa saa yake, na ilipotimia saa kumi na dakika ishirini na saba za jioni akapiga mstari wa chokaa juu ya kivuli, ndio mstari wa kibla. Kisha akavuta kamba kutoka pale hadi ndani.

"Pak Suwarji," alisema, "safari hii tuachane na kamba. Vigae vifuate mstari huu, kila ukingo wa kahawia uwe safu."

"Ndiyo hivyo," Mbah Karsiyem akadakia kutoka mlangoni. Alikuwa ameletwa na mjukuu kuja kukagua mali yake. "Kamba siioni. Ukingo nitausikia kwa vidole vya miguu."

Suwarji alisema, "Inshallah."

Alingoja watu waondoke. Akapiga magoti, akachora kwa chaki, kandokando ya ukuta wa kaskazini, jinsi vigae vitakavyoukuta vikilala mshazari. Hakuna hata kimoja kilichofika ukutani kizima. Alihesabu: katika mita sita tu, vigae arobaini vya kukatwa. Akazipigia kuta zote, za wanaume na za wanawake, na mihrabu. Mia mbili na hamsini. Kigae kikikatwa, kwa wastani nusu inatumika na nusu inatupwa. Nusu ya mia mbili na hamsini ni mia moja na ishirini na tano. Akiba yake ilikuwa sitini. Atapungukiwa vigae sitini na vitano.

Na vitapungua wapi? Fundi huanza chumba kikubwa, humaliza kidogo. Vitapungua upande wa wanawake, kule mwisho, palepale ambapo Mbah Karsiyem huswali kwa sababu kuna ukuta wa kushika anapoinuka. Bibi wa watu atoe sakafu yake yote, halafu yeye peke yake asimame juu ya kiraka. Suwarji alikaa chini kwenye saruji, akaogopa kwelikweli. Aibu ya ujana ilikuwa yake mwenyewe. Hii angemtwisha mtu mwingine.

Alimwambia mkewe tu. Ngatini hakufanya mzaha, jambo lililomtisha zaidi.

"Tuanze na vizima," alisema. "Vya kukata tutalia navyo baadaye."

Kwa siku mbili walitandika vizima, kutoka katikati kwenda nje, ukingo wa kahawia ukifuata kamba ya Pak Zuhdi. Watu walipita wakasifu. Mmoja, Pak Bejo wa duka la mbolea, akachungulia: "Haya, Pak Suwarji, vyekundu umeshanunua?" Akacheka peke yake akaenda zake. Suwarji aliendelea kutandika. Alikuwa anaona zile pembetatu tupu zilizobaki kandokando ya kuta, kama meno ya msumeno, na kila moja ilikuwa inamdai kigae.

Siku ya tatu asubuhi alianza kukata ukuta wa kaskazini. Anapima, anakata, anapachika, na kilichobaki anakitupa nyuma. Mashine ilikuwa inapiga kelele, vumbi limejaa, na kila kipande kilichoanguka nyuma yake alikisikia moyoni. Ngatini hapendi takataka miguuni. Alichukua kibao akawa anavisukuma vile vipande, anavisukuma tu, kwenye sakafu laini, kutoka kaskazini hadi ukuta wa kusini, vikajipanga pale mbele ya ukuta.

Kama saa nne hivi akaleta chai ya sukari nyingi na singkong ya kuchemsha, ndiyo mihogo hiyo. Suwarji akanyoosha mgongo, akageuka kuchukua glasi. Akaona vile vipande.

Hakushika glasi.

"Mama Wulan, nani amevikata hivi?"

"Si ni wewe? Mimi nimevisukuma tu. Chai inapoa."

"Hukuvigeuza?"

"Nivigeuze vina nini, ni chapati?"

Alivuka chumba kwa magoti. Vipande vilikuwa vimelala mbele ya ukuta wa kusini, na upande uliokatwa wa kila kimoja ulikuwa sambamba na ukuta ule. Alikichukua kimoja, akatafuta pengo la saizi yake katika yale meno ya msumeno, akakisogeza mbele bila kukizungusha. Kiliingia. Ukingo wa kahawia ukakutana na ukingo wa kahawia, kana kwamba kimefyatuliwa kwa ajili ya pale. Akachukua cha pili, akatafuta pengo lake, kikaingia. Cha tatu kilizidi kidogo. Akakipunguza kwa unene wa ukucha, kikaingia.

Alicheka, halafu machozi yakamtoka, na hakujali. Kilichobaki kaskazini ndicho kinachotakiwa kusini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini ni sambamba, kwa hiyo msumeno uliokata huku umekata na kule. Na mashariki na magharibi vivyo hivyo. Hakuna nusu inayotupwa. Sakafu haikuongezeka hata kidogo kwa kulala mshazari. Mita thelathini zilikuwa zilezile thelathini, na daftari lilikuwa limesema kweli pale ambapo yeye alikuwa ameacha kuliamini.

"Unalia kwa ajili ya singkong?" Ngatini aliuliza.

"Vitatosha."

"Umehesabu?"

"Sijahesabu. Vitatosha."

Ngatini aliketi palepale chini, akavua kitambaa cha vumbi usoni, akanywa chai ya mumewe yote. Ndipo akasema, "Mimi nimekaa siku tatu bila kulala kwa ajili ya takataka hizi." Na akaanza naye kucheka, wakacheka wote wawili hadi Pak Zuhdi akaja kuuliza kuna nini. Wakamwambia hakuna kitu, karibu singkong.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji mferejini. Suwarji aliimba, na haimbi vizuri. Alipanga vipande kwa ukubwa, Ngatini akimpa kimoja kimoja: "Kinene. Chembamba. Hiki kimechongoka kama pua ya Bejo." Mihrabu ilikula vigae kadhaa, maana duara halina mwenzake wa kuachiana. Ukuta wa mfereji nao ulikula, kwa sababu ule umepinda kivyake na kila kipande kililazimika kukatwa mara ya pili. Lakini sasa hakuwa na hofu. Kila akikata alihesabu akiba kwa sauti: arobaini na nane, arobaini na tano, thelathini na mbili. Ngatini akamwambia anahesabu kama mtoto anayengoja kufuturu.

Siku moja kabla ya mfungo, mchana, alipachika kigae cha mwisho upande wa wanawake, mwisho kabisa, penye ukuta wa kushika. Kilikuwa kizima. Aliweka kiganja juu yake na kukaa hivyo muda mrefu, mwili wote umelegea, kama mtu aliyeshushwa mzigo ambao alishasahau kuwa ameubeba.

Alasiri Mbah Karsiyem aliletwa. Nyumba zote zilikuwa zimepika apem, vitumbua vya kuukaribisha mwezi, akaja na zake kwenye sahani iliyofunikwa. Alivua ndala, akaingia, akatembea taratibu huku anapapasa kwa vidole vya miguu. Alipofika mahali pake akasimama, akasugua kidole gumba kwenye kigae kimoja.

"Hiki kina kovu," alisema. "Nilikiangushia kaa la moto mwaka aliozaliwa mwanangu Sutri. Kilikuwa chini ya meko." Akasugua tena, akakiambia kile kigae, "Leo umepata cheo, mwanangu."

Kisha akaita, "Ji! Umenichanganyia?"

"Hata kimoja, Mbah."

"Vimebaki vingapi?"

Hapo Suwarji angeweza kunyamaza. "Kumi na kimoja," alisema.

"Uliniambia sitini."

"Nilikuambia sitini. Nilipima kuta, nikasahau kibla."

Watu walisikia. Pak Bejo alikuwepo, akafungua mdomo, na Mbah akageukia upande alikosikia pumzi yake. "Bejo, wewe funga. Kuna mtu humu ndani aliyekumbuka?" Hakukuwa na mtu. Hata Pak Zuhdi alitazama sakafu.

"Nilichotoa wakfu ni hiki kilicholala," Mbah Karsiyem aliendelea. "Hivyo kumi na kimoja bado ni vyangu, na ninampa ninayemtaka. Ji, vipeleke pale mlangoni pa ofisi. Macho yangu mabovu, lakini kila nikienda kule nasikia watu wanaambizana wakutane kwenye kiraka, na mtu mwenyewe nasikia anapita nyuma, kule kwenye banda la pikipiki. Nimechoka kusikia."

Suwarji alimbusu mkono. Ngatini alijifanya anafunika sahani ya apem ambayo ilikuwa imeshafunikwa.

Alivitandika Ramadhani ile, asubuhi moja tulivu, akiwa amefunga. Aling'oa vyekundu kumi na kimoja, akaweka vya manjano, akasafisha viungo kwa kitambaa. Vyekundu vitatu vilibaki, kwenye bega la nusu duara, palepale alipokosea. Karani alitoka nje akatazama, akasema kuna rangi nzuri ya manjano mjini, kwa nini asivipake vile vitatu viishe.

"Viache," Suwarji alisema. Akakusanya mwiko na ndoo yake, akakumbuka kwamba alikuwa na karatasi ya kusaini ndani, akafuta miguu, akaingia kwa mlango wa mbele.